Bi Kalamu Anajibu: Meseji ya ng'ombe iliyomaliza bando

Safari hii nina barua tatu, zote za vijana walio fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Ya kwanza ilinichekesha, kisha ikanikumbusha madhambi yangu mwenyewe, ndiyo maana imekula nafasi kubwa. Wa Iringa na Mafinga mnisamehe.

*

*Shikamoo Bi Kalamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niko fildi Mbeya, kwenye idara ya masoko ya duka la pembejeo na vyakula vya mifugo lililopo Uyole. Idara yenyewe ni watu wawili: dada mmoja ambaye ndiye msimamizi wangu, na mimi. Wiki ya pili nilipewa kazi ya kuandika meseji ya kuwatangazia wateja 1,200 kwamba chakula cha ng'ombe kimeingia. Niliiandika kwenye Word, nikahesabu, ikawa herufi 151. Najua meseji moja ni herufi 160, kwa hiyo nikaituma bila wasiwasi. Kesho yake kwenye bando la meseji 4,000 zilibaki 400. Dada akasema nimeandika gazeti. Namheshimu, lakini mimi nilihesabu! Tangu siku hiyo kila ninachoandika kinarudi na wino mwekundu. Ripoti ya kuwatembelea wafugaji imerudi mara tatu, na mara ya mwisho ameandika pembeni maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Chuoni insha zangu zilikuwa zinapata A. Zimebaki wiki nne. Nifanyeje? Nakutumia ile meseji na ukurasa wa kwanza wa ripoti.*
*Wa Fildi, Uyole*

Marahaba mwanangu. Tuanze na ng'ombe, maana hapo haki iko upande wako, japo si yote.

Urefu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ile alama ndogo inayokaa kati ya g na o katika neno ng'ombe, ile ambayo mwalimu wako wa Kiswahili aliiita ritifaa. Meseji ya simu inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo, ili mradi kila alama imo kwenye orodha fupi ambayo mitandao ya simu imekuwa ikiitumia tangu meseji zianze. Ritifaa iliyonyooka imo. Ritifaa iliyopinda kama ndoana, ambayo Word hukuwekea yenyewe bila kukuuliza, haimo. Ikiingia alama moja tu ya kigeni, meseji nzima inahamishiwa kwenye mfumo mwingine, na hapo nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukipita 70 inakatwa vipande vya herufi 67. Herufi zako 151 zikatoka vipande vitatu, na watu 1,200 mara tatu ni 3,600. Hesabu ya bando ilikuwa sahihi, na hesabu yako ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni ng'ombe.

Emoji nayo ingekufanyia vilevile, hata moja. Sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na ng'arisha tunalipa mara tatu kwa ajili ya alama ambayo hakuna mteja anayejua imenyooka au imepinda. Dawa yake ni rahisi: andika meseji mahali pasipo na mapambo, au futa ile ritifaa na uiandike upya palepale kwenye ukurasa wa kutumia, kisha jitumie mwenyewe kabla hujawatumia watu 1,200. Kurasa nyingi za kutumia meseji za jumla zinaonyesha idadi ya vipande kabla hujabonyeza. Siku ile hukuangalia, na hapo ndipo haki yako inapoishia.

Sasa mwambie dada, ila usiende kujitetea mlangoni kwake akiwa na wateja. Mwandikie. Mistari mitatu inatosha:

"Dada, meseji ya chakula cha ng'ombe ilihesabiwa mara tatu kwa sababu ya ritifaa iliyopinda iliyotoka kwenye Word. Nimeibadilisha na kujitumia mwenyewe, imehesabiwa moja. Kuanzia leo kila meseji nitajitumia kwanza na kukuonyesha idadi ya vipande kabla haijaenda kwa wateja."

Hakuna "naomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Usumbufu unajulikana ni upi: ni meseji 2,400. Kama unataka kuomba radhi, omba kwa hizo.

Haya, sasa nikuudhi kidogo. Hata kama ingetoka kipande kimoja, ile meseji ilikuwa mbovu. Naiweka hapa wenzako waione:

"Ndugu mteja mpendwa, tunapenda kukutaarifu kuwa chakula bora cha ng'ombe wa maziwa kimeingia dukani kwetu. Karibu sana upate huduma bora kwa bei nafuu!"

Mfikirie anayeipokea. Ni mama wa Kiwira, ana mzigo wa matete kichwani, simu imelia kwenye mfuko wa kitenge. Anaitoa kwa mkono mmoja. Herufi 47 za kwanza zinamwambia kwamba anapendwa na kwamba anataarifiwa. Bado hajajua ni nini. Akifika mwisho anajua chakula kipo, lakini dukani kwa nani? Mfuko wa kilo ngapi? Shilingi ngapi? "Bei nafuu" hata mimi ninayo hapa nyumbani na siuzi kitu. Hiyo "bora" umeiweka mara mbili, na mara zote mbili haijabeba chochote. Jaribu hivi, bei nimeibuni, weka yenu:

"Chakula cha ng'ombe wa maziwa kimefika. Mfuko wa kilo 50 ni sh 45,000. Duka la Uyole lipo wazi hadi Jumamosi saa 11 jioni."

Herufi 122. Zinabaki 38, zinatosha kuweka "Kuagiza piga" na namba ya simu. Jina la duka litaonekana juu kama limesajiliwa kuwa mtumaji. Kama halijasajiliwa, liweke mwanzo kabisa, maana siku hizi meseji isiyo na mwenyewe inafutwa kabla haijasomwa.

Usidhani nakusema kwa ukamilifu wangu. Mimi nilianza kazi Mbeya mwaka 1994, Uhindini, kwenye ofisi iliyokuwa inauza mbolea na mbegu kwa mawakala wa wilayani. Soko la zamani la Mwanjelwa lilikuwa bado halijaungua, na barua za mawakala tulikuwa tunampa kondakta wa basi, anazifunga na mpira na kuziweka juu ya dashibodi. Wiki yangu ya tatu nikapewa kuandika barua ya kupandisha bei. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili na cheti kizuri. Nikaanza na shukrani kwa ushirikiano wa muda mrefu, nikaeleza hali ya usafirishaji, nikaeleza bandari, nikaeleza nia njema ya ofisi. Bei mpya zikakaa ukurasa wa pili, kwenye jedwali zuri nililolichora kwa rula.

Wakala wa Kyela akasoma ukurasa wa kwanza, akaona ni maneno ya shukrani, akafurahi, akaiweka barua kwenye droo. Aliuza kwa bei ya zamani siku tisa.

Bosi hakunifokea. Aliichukua nakala, akaiweka mezani, akafunika yote kwa gazeti akaacha wazi mstari wa kwanza tu. "Kama gari likimkanyaga msomaji wako akiwa amefika hapa," akaniuliza, "atakufa anajua nini?" Nikasoma mstari: Tunapenda kuchukua fursa hii. Atakufa anajua tumechukua fursa. Tangu siku hiyo kila nikimaliza kuandika nafunika kwa kiganja, nabakiza mstari wa kwanza. Bado nafanya, na mume wangu bado ananicheka.

Turudi kwenye ripoti yako na ile "Kwa hiyo?" iliyokuuma. Sentensi yako ya kwanza inasema: "Kwa kuzingatia umuhimu wa wateja katika kuendeleza biashara na kwa kutambua changamoto mbalimbali zinazowakabili wafugaji katika maeneo mbalimbali ya Mkoa wa Mbeya, idara ya masoko iliona ni vyema kufanya zoezi la kuwatembelea wateja kwa lengo la kuweza kupata maoni yao."

Wewe uko mkoa wa viazi, kwa hiyo lumbesa unaijua. Gunia limejaa, limefika mdomoni, na mnunuzi bado anaongeza juu, anashonea wavu, viazi vinasimama kama kichuguu. Wakala wa Vipimo wanaikataza kwa sababu anayetoka jasho ni mkulima, halafu analipwa gunia moja. Sentensi hii ni lumbesa. Anayebeba kilele chake ni msomaji, naye hapati kitu cha ziada. Fungua wavu uone kilichomo: mlikwenda kwa wafugaji. Ni hicho tu. "Zoezi la kuwatembelea" ni kuwatembelea. "Kuweza kupata" ni kupata. "Mbalimbali" imetokea mara mbili na hakuna changamoto wala kijiji hata kimoja kilichotajwa.

Kilichonisikitisha ni kwamba mali unayo, umeificha chini. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kawaida, umeandika kwamba mlifika kwa wafugaji 31 wa Rungwe, na 19 kati yao walilalamika kuwa mfuko wa kilo 50 unawapa tabu kuubeba kwa bodaboda hadi mlimani, hivyo hununua debe debe kwa mtu wa jirani. Mwanangu! Hiyo ndiyo ripoti. Ipandishe juu:

"Tuliwatembelea wafugaji 31 wa Rungwe. 19 hawanunui kwetu moja kwa moja kwa sababu mfuko wa kilo 50 ni mzito kwa bodaboda. Wananunua debe kwa majirani. Napendekeza tujaribu mfuko wa kilo 25 kwa mwezi mmoja katika kituo cha Tukuyu."

Hapo dada hawezi kuandika "Kwa hiyo?" kwa sababu umeshaijibu. Anaweza kukataa, anaweza kusema mifuko midogo inaongeza gharama, lakini mtakuwa mnazungumza biashara.

Kuhusu zile A. Mwalimu analipwa kukusoma hadi mwisho, na anatafuta kama umejua. Msimamizi wako hatafuti kama umejua. Anatafuta afanye nini kabla ya saa sita, na ana faili nyingine kumi na moja. Ndiyo maana insha nzuri inaweza kuwa ripoti mbaya bila mwandishi kupungukiwa akili. Wala sisemi utupe ya shuleni yote. Siku ukitumwa kuandika kwa Mkurugenzi wa Jiji kuomba kibali cha kuweka bango, andika Yah: yako, pigia mstari, weka kumbukumbu namba, na "husika na kichwa cha habari hapo juu" kama wanavyopenda. Kule hiyo ndiyo nguo ya kuvaa, na ukienda bila hiyo barua inakaa masijala ikisubiri adabu. Ila usiivae kumuuzia mama wa Kiwira chakula cha ng'ombe.

Wiki nne ni nyingi. Zile kurasa zenye wino mwekundu usizitupe kwa hasira. Zipange kwa tarehe, kaa nazo jioni moja, hesabu ni kosa gani limerudi zaidi. Mimi langu lilikuwa "pia": niliiweka kila sentensi ya pili, na sikujua mpaka nilipoyahesabu, 14 kwenye barua moja. Halafu mwombe dada faili la barua za zamani za ofisi, zile zilizoleta oda. Nakili mbili au tatu kwa mkono, neno kwa neno. Utaona ni wapi wanaweka bei na wanafunga vipi. Mtu anayekuandikia "Kwa hiyo?" mara ya tatu hajakuchoka. Aliyechoka anaandika mwenyewe na kukutuma ukanunue maandazi.

*

*Kamwene Bi Kalamu. Niko fildi Iringa mjini kwenye kampuni ndogo inayopeleka wageni Ruaha. Nimepewa kuandika upya kipeperushi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilichukua cha zamani nikakitafsiri. Mwenye kampuni akanyooshea kidole sentensi ya kwanza, "hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania", akauliza nani kaniambia. Nikamjibu imo kwenye kipeperushi chao wenyewe. Akakasirika. Kosa langu nini? Halafu kwenye ratiba niliandika kuondoka saa 12 asubuhi, kwenye Kiingereza nikaweka 12, na mgeni mmoja akauliza kwa nini safari inaanza jua likiwa utosini.*
*Binti wa Kihesa*

Kamwene mwanangu. Kipeperushi hakikudanganya siku kilipoandikwa. Eneo la Usangu liliongezwa Ruaha mwaka 2008, nayo ikawa kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Mwaka 2019 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka Selous, na hiyo ikaipita. Sentensi yenu ikabaki kama kalenda ya mwaka jana ukutani: nzuri, ina picha, lakini tarehe si zake. Mwenye kampuni alikasirika kwa jibu lako zaidi ya kosa lenyewe. Ukishaweka maneno kwenye karatasi mpya yamekuwa yako, hata kama yaliandikwa na babu yake.

Chukua kalamu, pigia mstari kila namba na kila "kubwa kuliko", "pekee" na "ya kwanza". Pembeni ya kila mstari andika umelipata wapi na lini. Penye pembeni patupu, uliza au ufute. Utashangaa mengi yanavyofutika bila kipeperushi kudhurika. Ruaha haina haja ya kuwa kubwa kuliko wenzake. Ina tembo, ina mto uliobeba jina lake, na kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kilomita 130 hivi. Sema hayo.

Saa ni mtego unaotunasa wote. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, wao wanaanza usiku wa manane, kwa hiyo saa 12 yetu ya asubuhi ni 6 yao. Usitafsiri saa, igeuze, halafu mpe mtu mwingine aisome kwa sauti kabla haijachapwa. Kwenye ratiba ya Kiingereza andika kwa tarakimu nne, 06:00, ukome ugomvi.

Na kuna jambo hukuniuliza. Kwa nini ulitafsiri? Mgeni wa London anataka kujua kuhusu malaria, umeme wa kuchajia kamera, na kama choo kiko ndani ya hema. Mwalimu wa Makambako anayetaka kupeleka familia Desemba anataka kujua jumla ni shilingi ngapi kwa watu watano, kwamba Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni wa nje, na kama anaruhusiwa kubeba wali wake. Hao hawawezi kusoma kipeperushi kimoja kilichogeuzwa lugha. Andika viwili, kila kimoja ukiwa umemweka msomaji wake kwenye kiti mbele yako.

*

*Bi Kalamu, niko fildi Mafinga kwenye yadi ya mbao. Wameniita "masoko" lakini kazi ni kuhesabu mbao na kuandika bei kwa chaki. Ripoti ya chuo inataka kurasa 20 kuhusu ujuzi wa mawasiliano niliojifunza. Mwenzangu anaandikiwa yake na akili mnemba kwa dakika tano. Mimi niandike nini?*
*Chaki Mkononi*

Andika kuhusu chaki. Ubao wako wa bei ndiyo tangazo linalosomwa kuliko yote hapo yadi, na nina hakika una kasoro. Je, umeandika inchi mbili kwa nne, moja kwa nane, na urefu wa futi ngapi, au mteja anaulizia urefu kila mara? Imetajwa kama ni mkaratusi au msindano, imetiwa dawa au haijatiwa? Simama pembeni siku mbili na daftari, andika kila swali ambalo mteja anauliza baada ya kuusoma ubao. Siku ya tatu uandike upya ubao ujibu maswali yale, kisha hesabu tena kwa siku mbili. Ubao wa kwanza, ubao wa pili, maswali yaliyopungua na yaliyokataa kupungua: hapo una ripoti, na msimamizi wa chuo akija kukagua, unamtoa nje umwonyeshe.

Mwenzako wa dakika tano atakuwa na kurasa 20 laini kama sabuni. Akiulizwa mbao ya moja kwa nane inauzwaje, atatazama dari. Wewe kurasa zako zikifika 12, chapa 12, weka picha mbili za ubao, na umwombe mwenye yadi asaini logibuku, lile daftari lako la fildi, kabla hajasafiri kwenda Dar, maana wenye mbao wakishuka Dar hawarudi upesi.